Kisanduku cha Sauti Ulichokichagua Mwenyewe

Bombambili, Songea
Alhamisi, jioni

Ndugu wapambanaji, makomredi wa safari ndefu,

Najua kwamba msikilizaji wa hotuba hii ni mmoja tu, nawe ndiye, Agata mwanangu. Utaisoma kesho ndani ya basi la Njombe, pengine jirani wa kiti akichungulia begani mwako. Mwache achungulie, naye ni ndugu. Mimi sijui kuanza kwa namna nyingine. Tangu nilipotoka chuo kikuu kinywa changu hakijapata kumsalimu mtu mmoja, husalimu ukumbi. Siku baba yako aliponiuliza kama nitakubali kuolewa naye, nilimjibu kwa hoja tatu na hitimisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu, akasema, "Mwalimu, sasa hiyo ni ndiyo au hapana?"

Umekwenda Mfaranyaki kumuaga shangazi yako. Baba yako yuko Namtumbo, analinda moto wa bani, lile banda la kukaushia, ili tumbaku ikauke sawasawa, na amekutumia salamu. Nyumba imenyamaza. Nimekaa mezani, miguu imevimba kwa kusimama darasani, na chaki bado imo kwenye kucha zangu. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kuficha nauli, wala za kurudi mapema. Hayo nimeyasema tangu ulipokuwa na miaka sita, na kama hayakuingia kwa njia ya masikio, sitarajii yataingia leo kwa njia ya wino.

Nataka nikuandikie juu ya amplifaya. Nakusudia hiyo ndogo ya kijivu iliyo kando ya begi lako, uliyoichagua jana dhidi ya ushauri wangu. Leo mchana, ulipokuwa kwa mshonaji, niliifunika kwa khanga, nikaitia kwenye kikapu, nikatoka nayo kwenda kuibadilisha bila kukuambia.

Usikasirike kabla hujafika mwisho. Au kasirika, lakini ufike mwisho.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya Bwana Kanisio na bendi yake ya harusi ya kule Njombe. Nilikuwapo siku ile ukumbini pa parokia alipokukuta ukipiga yukulele, hilo gitaa dogo la nyuzi nne uliloachiwa na sista mzee wa misheni aliporudi kwao. Uliinama kama kawaida yako, nywele usoni, kana kwamba unaomba radhi kwa kuwapo. Naye akavua kofia. "Binti," akasema, "vidole vyako navitaka hata leo. Lakini hicho kigitaa mbele ya ngoma zangu ni mbu ndani ya mashine ya kusaga. Njoo na amplifaya yako. Tutakujaribu kwenye harusi ya kwanza. Ukisikika, umekaa. Usiposikika, basi utaimba kiitikio nyuma na wasichana wengine."

Wenzako wa parokia wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua, kama unavyojua wewe, kwamba huimbi. Umezaliwa na mwanamke ambaye sauti yake huvuka mto, nawe tangu utotoni ukisimamishwa mbele za watu koo lako hufunga. Nyuzi hizo nne ndizo kinywa chako. Kwa hiyo niliyaelewa maneno ya Bwana Kanisio kwa maana moja tu: usiposikika siku hiyo, hakuna kiitikio, kuna basi la kurudi.

Nami nikaenda mbio kununua amplifaya peke yangu. Sikukuchukua wewe, wala sikuichukua yukulele.

Utaniuliza: mtu mwenye shahada huchaguaje kitu bila kukijaribu? Ngoja nikueleze, maana nadhani sijawahi kukueleza, na wewe uliyekulia katika zama hizi za ruksa, za kila bidhaa kuingia, huwezi kulijua. Nilipopangiwa kufundisha Namasakata, kule Tunduru, wewe ulikuwa mgongoni. Duka la kijiji lilikuwa na rafu, na kwenye rafu palikuwa na vumbi na mizani. Siku lori lilipokuja, habari zilikimbia kuliko lori lenyewe. Nilitoka darasani na chaki mkononi, nikasimama kwenye foleni. Mbele yangu alikuwa jirani yetu, Bi Zainabu, kajifunga khanga kama anayekwenda kulima.

"Mwalimu," akanigeukia, "tumepanga foleni ya kitu gani?"

"Sijui bado."

"Alhamdulillahi! Nilidhani mjinga ni mimi peke yangu."

Ilikuwa foleni ya viatu vya kiume. Nilinunua jozi ya namba tisa, mimi nivaaye namba tano. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu sote: shika kwanza kilichopo, chochote kilichopo, kisha jioni mzunguke nyumba kwa nyumba mkibadilishana. Viatu vyangu vikawa sabuni kwa mke wa katibu wa kijiji, sabuni nusu ikawa mafuta ya taa kwa Bi Zainabu. Tuliishi. Lakini miaka ile ilitufunza mikono kushika na haikuyafunza macho kuchagua. Kizazi changu kilisimama majukwaani kikidai uhuru wa kuamua juu ya mambo makubwa yote ya dunia, na hakikuwa kimewahi kuamua kati ya sabuni mbili.

Sasa nitazame nikiingia dukani kwa Mzee Halfani pale Mfaranyaki. Rafu zimejaa mpaka dari. Redio, pasi, saa za ukutani zinazoimba, vyote vimefika kwa njia za biashara ambazo sikuzielewa nilipozisoma chuoni na sizielewi leo. Kwenye kona ilikuwapo amplifaya moja nyeusi, kubwa kama kreti ya soda. Mwanamume mmoja alikuwa ameinama anaitazama. Mwanangu, nilichokiona si amplifaya. Niliona lori la Namasakata linataka kuondoka.

"Naichukua!" nikasema, mkono tayari juu yake.

Yule mwanamume akashtuka. "Chukua, mama. Mimi nafunga kamba ya kiatu."

Mzee Halfani akanikaribisha kiti. "Mama Agata, hujauliza hata inatumia nini."

"Ina nguvu?"

"Nguvu? Hii ni ya gitaa la besi na disko. Inataka umeme wa ukutani, au betri ya gari."

"Nguvu ndiyo ninayotaka," nikasema. Nikamlipa kijana mwenye baisikeli aniletee mpaka Bombambili, nami nikatembea nyuma yake kama niliyeshinda uchaguzi.

Ulisema "Asante, Mama." Kwa adabu yako nilipaswa kuelewa papo hapo. Siku tulipoijaribu ukumbini pa parokia ulichomeka waya kwenye tumbo la yukulele, pale fundi redio alipobandika kile kinasa sauti kidogo kama kitufe cha koti, ukagusa uzi mmoja. Mluzi ukapanda, njiwa wote wakaukimbia. Ulinifafanulia kwa upole, kama unayemweleza mgonjwa: tumbo wazi la yukulele huinasa sauti inayotoka kwenye spika, huirudisha tena kwenye spika, na mzunguko huo huongezeka mpaka uwe yowe. Na hata pale mluzi ulipotulia, sauti ilitoka nzito, imefunikwa, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa; spika ile imeumbwa kwa mngurumo wa chini, na yukulele haina mngurumo. Nikasema tupandishe zaidi. Ukasema hapana. Nikasema utamezwa. Ndipo ukasema neno ambalo bado nalitafuna: "Mama, hiki umenunua cha mkutano. Umejinunulia wewe."

Kisha umeme ukakatika, na hatukuweza hata kugombana vizuri.

Nimelifikiria neno lako kwa uchovu, si kwa hasira. Chuoni, makomredi walinipa kipaza sauti cha betri kwa sababu sikuwa nakihitaji, na wao waliona kwamba asiyekihitaji ndiye atakayekitumia vizuri. Nilikuwa nasimama juu ya meza ya bwalo na kusema mpaka madirisha yaitikie. Nilisikika, hilo hakuna awezaye kuninyang'anya. Lakini mwaka huu, sokoni, nilikutana na mwenzangu wa wakati ule, sasa ni afisa fulani, kanenepa, kanikumbatia kwa furaha ya kweli. "Wewe!" akasema. "Siku ile tulikusikia mpaka mabweni ya upande wa pili! Hivi tulikuwa tunadai nini vile?"

Nilifungua kinywa nimjibu. Ilinichukua muda, Agata. Nilikumbuka umati, nilikumbuka joto la kile chombo shavuni, nilikumbuka hata kwamba betri tulikuwa tumezianika juani mchana kutwa ili zipate uhai. Madai yenyewe yalikuja polepole, moja moja, kama wageni waliochelewa. Yalikuwa madai ya haki. Bado ni ya haki. Lakini kama ukiniuliza ni nani kati ya wale watu alikubaliana nami, na ni nani alichoka tu kubishana na kelele, sijui. Nilidhani makofi ni jibu.

Haya sikuyaandika ili uyafuate. Nayaandika ili ujue ni nani aliyekuwa amesimama kando yako jana dukani, tulipoirudisha ile nyeusi, na kwa nini alikuwa mbishi.

Mzee Halfani hakututoza maneno mengi. Alituwekea mbili juu ya meza. Nyekundu ilikuwa na vitufe vingi, taa ndogo za kuwaka na kuzima, na kitufe cha kuongeza mwangwi. Kijivu ilikuwa kama redio ya mkulima, ina vitufe viwili tu, inakula betri sita, yale mawe ya redio, na unaweza kuibeba kwa mkono mmoja.

"Mama Agata, mimi sikufichi," akasema, akiipapasa nyekundu. "Hii ndiyo kiboko. Ukiwasha hii, hata aliyekufa anauliza harusi ya nani."

Nikakubaliana naye kwa moyo wote. Wewe ukasema, "Shikamoo, Mzee. Naomba uzime redio yako kwanza."

"Marahaba. Redio inakukosea nini?"

"Nataka kusikia zinavyonyamaza."

Alinitazama, nami nikamtazama. Akazima. Ukaziwasha zote mbili bila kuchomeka kitu. Nyekundu ikanguruma kama nyuki waliofungiwa. Kijivu haikusema lolote. Ukachomeka waya, ukapiga kwa kidole kimoja, chini kabisa, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, na ukainamisha sikio. Ukapiga kwa nguvu. Ukaigeuza spika ilitazame tumbo la yukulele, ukangoja mluzi. Ukaibeba moja, ukatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi. Sikujua ulijifunza wapi subira hiyo. Kwangu hapana.

Kisha ukanituma. "Mama, vuka barabara, simama pale kwa muuza dagaa. Nipe mgongo."

Nikavuka, mimi mwenye shahada, nikatazama dagaa. Ukapiga nyekundu. Yule mama wa dagaa akainua kichwa: "Leo kuna mkutano wa hadhara?" Nilisikia sana, lakini ulipobadilisha wimbo sikutambua kwamba umebadilisha, mwangwi ulikuwa umeunganisha vyote. Ukapiga kijivu. Hiyo ilinijia nyembamba, kila uzi peke yake, kama mtu anayehesabiwa kwa jina. Nilianza kufurahi. Ndipo likapita lori la mahindi, na lilipokwisha kupita nilikuwa nimepoteza nusu ya wimbo.

Nikarudi mbio na hoja yangu. "Umeona? Lori moja tu!"

"Lori likipita hata wewe husikiki, Mama."

Mzee Halfani akacheka mpaka akashika meza.

"Harusini kutakuwa na ngoma," nikasema. "Ngoma si lori la kupita, Agata. Ngoma zinakaa."

"Ngoma hupumua," ukasema. "Sikiliza siku moja. Zinapiga, zinavuta pumzi, zinapiga. Mimi nitapiga zinapovuta pumzi."

Nikasema kwamba wewe ni mkaidi. Ukachukua kijivu. Njia nzima ya kurudi tulizungumza habari za bei ya nyanya.

Hicho ndicho kilichonitoa nyumbani leo mchana. Usiku kucha nilikuona umesimama nyuma ya wanaume wa bendi wenye magitaa ya umeme, na kisanduku kidogo miguuni pako, vidole vinakwenda na hakuna anayejua kwamba vinakwenda. Niliona uso wa Bwana Kanisio ukikuonyesha kwa kidevu mahali pa waimba kiitikio. Nikaona ukishuka kwenye basi hapa stendi, na yukulele ndani ya mfuko, na ukiniambia kwa adabu yako, "Mama, haikuwezekana." Nikasema: acha anichukie, lakini asikike. Ndiyo hoja niliyokwenda nayo Mfaranyaki, na jua lilikuwa kali, na kikapu kilinikata mkono.

"Umekuja kubadili tena?" Mzee Halfani akaniuliza kabla sijakaa.

"Nipe nyekundu."

"Mwenyewe anajua?"

"Atajua."

Hakunibishia. Akaleta nyekundu ndani ya boksi lake. Kisha akaivua kijivu khanga, kama ilivyo haki ya mfanyabiashara, aione kama ni nzima. Akaigeuza kwenye mwanga. Akasita. "Mlongo," akasema, neno letu la nyumbani kwa mtu wa ukoo, ingawa yeye ni Myao wa Tunduru na hulitumia kunitania tu. Safari hii hakuwa anatania. "Hii hapa, tazama."

Kandokando ya kitufe cha sauti palikuwa na nukta tatu nyekundu. Rangi yako ya kucha. Kando ya ile ya kwanza ulikuwa umechora kwa ncha ya sindano msalaba mdogo sana, kando ya ile ya pili kijumba, kando ya ile ya tatu ngoma: vipimo vya sauti ya kanisani, ya nyumbani na ya harusini. Kwenye kitufe cha pili, kile cha kuchagua sauti nyembamba au nene, nukta nyingine moja. Nikakumbuka kwamba nilipotoka shuleni jirani aliniambia umekuwa ukipiga uani tangu nilipoondoka asubuhi, na watoto wake ukawapa madumu matupu wayapige kwa nguvu zao zote, na kila mara ukawasimamisha, ukagusa kitu, ukasema, "Haya, tena." Nilidhani unawaaga watoto.

"Mama Agata," Mzee Halfani akasema, "naweza kuichukua. Rangi inafutika. Lakini hapa mwenyewe keshahamia."

Nilikaa. Aliniletea maji. Nilizipitisha kidole zile nukta, moja baada ya nyingine. Sitakudanganya kwamba niliona mwanga, au kwamba moyo uliniambia utafaulu. Moyo haukuniambia kitu, umechoka kama miguu. Bado nadhani ile nukta ya ngoma umeiweka chini mno. Bado ningechukua nyekundu. Lakini niliona kwamba ninachotaka kukirudisha dukani si chombo tena. Ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, ya mtu aliyekaa na ngoma za watoto akizisikiliza zinapumua wapi. Na katika miaka yangu yote ya majukwaa sijapata kufanya kazi kama hiyo hata mara moja: kusikiliza kwanza mahali nitakaposemea.

Nikamwambia Mzee Halfani anipe mkanda wa begi, ule mpana. Akauliza wa nini. Nikasema wa kubebea, maana mtoto atabeba hii na yukulele kwa pamoja na mikono ni miwili. Akasema, "Sasa hiyo ndiyo biashara." Nimeushona jioni hii. Mishono si mizuri, unajua mimi na sindano, lakini nimeipitisha mara mbili. Uvae begani, kisanduku kikae nyuma ya nyonga yako, spika itazame nje, isilitazame tumbo la yukulele. Hilo nalo ni lako, ulinifundisha wewe.

Mawe mapya nimeyafunga kwenye gazeti. Usiyachanganye na ya zamani.

Ukisoma hapa utakuwa umekwisha kujua kwamba kisanduku ulichonacho ni kilekile, na nukta zako ziko vilevile. Nimeamua kukuandikia badala ya kunyamaza, kwa sababu siku moja Mzee Halfani atakusimulia kwa kicheko, nami sitaki ulisikie kwake kwanza. Ningeweza kukuambia usiku huu ukirudi. Lakini najijua. Ningesimama. Ningeanza na hali ya uchumi. Barua ina faida moja: unaweza kuikunja katikati ya sentensi, nami siwezi kupandisha sauti.

Nasikia lango. Unaongea na mbwa wa jirani, taratibu, na yeye ananyamaza. Sijui umefanyaje, mimi hunibwekea miaka yote.

Basi, komredi, tangazo ni hili. Mkutano unaofuata ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi alasiri, Njombe, kwenye ukumbi wa hiyo harusi ya kwanza. Nitakuja na basi la asubuhi na gauni la bluu. Mzungumzaji ni mmoja, nami nimo katika orodha ya wasikilizaji, nimekaa. Ukiniona niko mbali, usiongeze sauti kwa ajili yangu. Nitasogea.

Mama yako